Mafuta ni ya Jioni

Usiku ule niliingia kitandani na mguu wa mtu. Nasema hivyo makusudi, maana ndivyo ilivyokuwa. Mguu wa bandia wa Mama Tulia ulikuwa kando ya mto wangu, ndani ya mfuko wa kitambaa, na soli yake iliyobanduka nilikuwa nimeifungia humo kwa kamba isije ikapotea. Mama yangu alichungulia mlangoni akaguna.

"Vero, siku hizi hata miguu ya watu inalala humu?"

"Leo tu, Mama. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho."

"Basi lala na wewe. Macho yamekuvimba."

Akarudishia mlango polepole, nikabaki na mguu wangu.

Nafanya kazi katika karakana ya miguu ya bandia, hapa Iringa, na kazi yangu mimi ni gundi. Chuoni nilisomea mambo ya molekuli, namna zinavyovutana na kushikana, kisha nikarudi nyumbani na wazo ambalo wenzangu walilicheka: kwamba tunaweza kutengeneza wenyewe gundi ya kubandikia soli, kwa utomvu wa mpira na ulimbo wa mipaini ya Mufindi, badala ya kusubiri makopo kutoka nje ambayo yakifika nusu yake yameshaganda. Nikaitengeneza. Tangu Desemba hadi mvua zilipokatika soli zilishika vizuri, nami nikaanza kutembea kifua mbele, sikatai. Kisha mwezi wa sita baridi ikaingia, na soli zikaanza kuachia. Kwanza moja, baadaye ya pili, mwishowe hazikupita siku nyingi bila mtu kurudi ameshika soli mkononi.

Ya Mama Tulia iliachia mara tatu. Yeye huuza viazi sokoni. Mguu aliupoteza kwa ajali ya lori, na ni mwanamke asiyependa kabisa kuonewa huruma. Mara ya tatu iliachia kanisani, alipokuwa anakwenda mbele kutoa sadaka. Alianguka watu wote wanatazama. Alipokuja karakana alikuwa na magongo, na mguu ameubeba kwapani.

"Mwanangu," akaniambia, "watu waliniokotea sarafu, wakaniokotea na soli. Mzee wa kanisa kaishika soli yangu juu hivi, anauliza ni ya nani. Sasa niambie ukweli. Kama huwezi, sema huwezi."

Nikaupokea mguu wake. Bwana Sanga, mkuu wetu wa karakana, naye alikuwa na la kuniambia. Alinisubiri mpaka mama yule akatoka.

"Vero, huo ulimbo wako haupendi baridi. Tumeleta hita, tumefunika mpaka mablanketi, bado. Kesho asubuhi bandika mara moja ya mwisho, nikiwa nakuona. Ikibanduka, hiyo habari tunaifunga, tunarudi kuagiza nje."

Kuagiza nje nilijua maana yake. Daftari la wanaosubiri lilikuwa nene tayari, na Mama Tulia angeanza upya mwisho wa foleni, akauze viazi kwa magongo. Na mimi ningeandika barua ya kukiri kwamba gundi yangu haifai. Barua yenyewe nilikuwa nimeshaianza, iko ndani ya mfuko ule ule wa mguu. Nilikuwa na hasira, tena hasira mbaya ile ya mtu anayeanza kuamini kuwa wanaomcheka wana haki.

Nikalala hivyo, na baba akaja.

Baba yangu Gaspari alikuwa fundi viatu. Ana miaka mitatu kaburini. Kabla ya hapo alikaa karibu umri wake wote kwenye kibanda cha mabati nyuma ya stendi, kilichoegemea ukuta wa ghala la zamani la pareto, na ndipo nilipomkuta. Ni mchana. Jua ni lile la mwezi wa saba, linaangaza tu halipashi joto, na upepo unaviringisha vumbi la stendi. Amekaa kwenye kigoda chake, amevaa aproni ya turubai, misumari midogo ameibana pembeni mwa mdomo, na mguu wa Mama Tulia uko mapajani mwake. Wala sikushangaa. Katika ndoto ile lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba baba amekufa na kwamba ana kazi nyingi.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene." Hakuinua macho. "Kaa."

Nikakaa juu ya debe, lile alilokuwa akiniwekea nilipokuwa mdogo, magoti yakanifika kidevuni. Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa ile ile, imepauka kama ya mtu aliyetoka kukanda unga, na kwenye vifundo vya vidole imechanika.

Lazima nieleze kidogo hapa. Kwetu Iringa baridi ikiingia mtu hatoki nje bila kujipaka mafuta. Mtoto akionekana amepauka, anayesemwa ni mama yake. Mama alitupaka mafuta ya mgando mpaka tukang'aa, kisha akatukagua mlangoni, magoti, viwiko, vidole, ndipo akaturuhusu kwenda shule. Mtu mmoja tu nyumbani kwetu alimshinda, naye ni baba. Kila asubuhi Mama alimfuata na kopo hadi kizingitini. Wakasemezana kidogo kwa sauti ya chini, baba akacheka, akatoka na mikono yake mikavu. Mjini wakamwita Fundi Chokaa. Mimi nilidhani ni ukaidi tu, na ukaidi wake niliuonea haya.

Sasa amekwangua soli kwa tupa, amepuliza vumbi, anachukua kopo langu la gundi. Sijui lilifikaje pale. Anachovya kijiti, anavuta uzi wa gundi mpaka unakuwa mwembamba kuliko wa buibui, haukatiki. Anaunusa.

"Hii kachanganya nani?"

"Mimi."

Akaurudia kuuvuta ule uzi, polepole, jicho moja amelifumba.

"Nzuri," akasema.

Nataka ieleweke baba alikuwa mtu wa namna gani. Neno hilo nililisikia likimtoka mara chache sana, na kila mara alikuwa anaisifia ngozi. Nilipofaulu kwenda chuo alisema "Sawa." Basi pale juu ya debe nikaanza kulia kama mtoto, na kwa kulia nikasema lile nililokuwa nimelificha hata kwa Mama.

"Lakini haishiki, Baba. Nimejaribu kila kitu. Haishiki."

"Twende tukaone."

Hakusimama. Alichomeka kidole gumba kati ya soli na mguu, pale ilipoanza kuachana, akapapanua taratibu, na ule mwanya ukapanuka na kupanuka mpaka ukawa mrefu kuliko sisi, tukaingia.

Nimezisoma molekuli miaka mingi, nimezichora ubaoni, nimezifanyia mitihani. Sikuwahi kufika zinapoishi. Juu yetu ni soli, nyuzi ndefu ndefu za mpira zilizosokotana, na chini ni mguu wenyewe. Katikati ni gundi yangu, rangi ya asali. Najua kwamba mahali padogo kiasi kile hapana rangi, mwanga wenyewe ni mkubwa mno kupita humo. Lakini ndoto haikusoma chuo. Hakuna kilichotulia. Kila kitu kinatikisika, kila chembe inapepesuka. Nami nauona kwa macho ule mchezo ambao mwalimu alituambia hauonekani: elektroni za molekuli moja zinaelemea upande mmoja, kidogo tu, na za jirani yake zinaelemea kumfuata, na kwa kufuatana huko wanavutana. Huyu anapepesuka, yule anaitika. Ni kama asubuhi ya kwetu, watu wakipishana njiani, kamwene, kamwene, mpaka mtaa mzima umesalimiana.

Mvuto wa mmoja ni dhaifu hata aibu kuutaja. Lakini wako wengi kupita kuhesabu, na wakiitikiana wote kwa pamoja mtu mzima anatembea juu yao na ndoo ya viazi kichwani.

Baba anatembea humo na aproni yake, mikono nyuma, anakagua kama alivyokagua mishono ya mafundi wengine. Anasimama penye uwazi.

"Hawa wa juu wanaita," anasema. "Wa chini mbona kimya?"

"Wako mbali, Baba."

"Mbali kiasi gani?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa. Chukua unywele mmoja, uupasue vipande elfu kwa unene wake. Kimoja katika hivyo ukipasue tena vipande mia. Unene wa kipande hicho cha mwisho ndio umbali wa kuitana na kusikiana, na hata huo ni mrefu kidogo. Ukizidisha hapo hakuna anayemsikia mwenzake.

Baba akacheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. "Na mnasomea miaka mingapi kujua hilo?"

"Mitatu."

"Mimi nilijua tu kwamba hata ukucha usipate pa kupita," akasema, na akainama.

Hapo ndipo nilipowaona wale wengine. Kati ya gundi yangu na mguu walikuwepo wageni ambao sikuwaalika, molekuli laini laini zimejilaza, tabaka jembamba lililoenea kila mahali. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wamelegea tu, wanateleza mmoja juu ya mwingine, hawashiki cha juu kwa nguvu wala cha chini. Gundi yangu ilikuwa imewashika wao kwa nguvu zake zote, ikidhani imeushika mguu. Baba akawachota kwa ncha ya kidole, akanusa, akaniletea puani. Nikasikia harufu ya nyumbani kwetu asubuhi.

Nilitaka kumuuliza harufu ile imefikaje pale. Lakini hatuko tena ndani ya soli.

Tuko kwenye uwanja wa shule yangu ya sekondari, siku ya wazazi, na mimi niko kidato cha pili. Siku ile naijua, kwa sababu ilitokea kweli. Wazazi wamevaa vizuri, wamekaa kwenye viti chini ya turubai. Baba amekuja moja kwa moja kutoka kibandani, ameniletea viatu vyangu alivyovitia soli, ameviviringisha kwenye gazeti. Nimesimama na wenzangu watatu. Mmoja ananigusa kiuno.

"We Vero, yule mwenye mikono ya chokaa nani?"

Nami nikajibu, "Fundi wetu wa viatu."

Baba alikuwa hatua tano kutoka pale. Mwalimu wa zamu akamfuata kwa adabu, akamsalimu, akamuuliza, "Karibu, mzee. Wewe ni mzazi wa nani?" Na baba, bila kunitazama, akasema, "Mimi fundi tu, mwalimu. Nimeleta viatu vya binti." Akaviweka juu ya kiti kitupu, akageuka, akaenda zake. Nyumbani hakuligusa jambo hilo hata siku moja. Mimi pia sikuligusa. Viatu vile nilivivaa mpaka nikamaliza kidato cha nne, ngozi ya juu ikachakaa ikatoboka, soli haikuachia.

Katika ndoto siku ile imerudi yote, hadi kelele za spika. Mwalimu wa zamu anauliza tena, "Wewe ni mzazi wa nani?" na safari hii ninataka kujibu mimi. Ninataka kupiga kelele uwanja mzima usikie. Midomo haifunguki. Imeshikana! Gundi yangu iliyogoma kushika kila mahali, hapo ndipo ilipoamua kushika. Nikamkimbilia baba, nikamkamata mkono kabla hajageuka.

Mkono wangu ukateleza, ukatoka. Nikamkamata tena kwa nguvu zaidi, ukatoka. Mara ya tatu nikatumia mikono yote miwili, nayo ikachomoka mkononi mwake kama sabuni, na nikaona kwamba inang'aa, viganja, vidole, vifundo, inang'aa vizuri kama Mama alivyopenda. Yeye amenyoosha ule mkavu wake, ananisubiri.

Hakukasirika. Alikigeuza kiganja changu juani akakitazama, kama alivyotazama kiatu kilichoharibiwa na fundi mwingine, kwa subira na kwa udadisi. Kisha akaelekeza kidole ukutani. Uwanja una ukuta sasa, ni ule wa ghala la pareto, na juu yake kuna mjusi, amejibandika kichwa chini miguu juu, wala hana habari.

"Yule," akasema baba, "umewahi kumwona akijipaka mafuta?"

Nikacheka. Kwa kucheka midomo ikaachana. Nilikuwa nimejifunza chuoni juu ya nyayo za mjusi, vinyweleo vyake visivyohesabika, vikavu, vinavyousogelea ukuta kwa karibu kiasi kwamba chembe zinavutana bila gundi yoyote. Niliandika karatasi nzima juu ya mjusi! Sikuwahi kumfikiria baba.

Akainamisha kichwa karibu na sikio langu, maana yeye jambo la maana hulisema chini.

"Mafuta ni ya jioni, mwanangu."

Hapo nikaiona jioni ya nyumbani kwetu. Baba amerudi, amenawa, amekaa kwenye mkeka na kunyoosha mikono yote miwili mbele. Mama amepiga magoti, anaipaka mafuta taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka pale palipochanika pananyamaza. Anakula na mikono inayong'aa, analala na mikono inayong'aa. Alfajiri yuko uani anaisugua kwa majivu na maji baridi, anaisuuza, anaisugua tena. Picha hizo mbili nilikuwa nazo tangu utoto. Sikuwahi kuziweka pamoja.

Nilipoinua macho alikuwa ameshafika mbali, kisanduku cha vifaa begani, anakwenda upande wa stendi kwa mwendo wake wa mtu anayesubiriwa na wateja. Mwalimu wa zamu alikuwa bado amesimama. Nikavuta pumzi nikamwita yule anayekwenda, kwa jina ambalo siku ile nililimeza.

"Baba! Baba yangu!"

Nikaamshwa na sauti yangu mwenyewe. Dirishani kulikuwa kunapambazuka. Nilikuwa nimeukumbatia mguu wa Mama Tulia.

Nikakaa kitandani, nikajinusa viganja. Harufu ilikuwa pale pale, ya jana, ya juzi, ya baridi nzima. Nikaanza kujitukana kwa jina. Wakati wa joto mikono sijipaki, nani anahitaji? Lakini tangu mwezi wa sita kila asubuhi najipaka kama nilivyolelewa, nafika karakana, nachukua glovu kwa vidole vile vile vya mafuta, nazivuta kwa nje ili zikae sawa, kisha kwa glovu hizo hizo nashika soli iliyokwanguliwa na kusafishwa vizuri. Halafu nagusa gundi kwa ncha ya kidole kuona kama imekauka. Na tabaka lenyewe la mafuta huwezi kuliona wala kulihisi; lakini ni nene kuliko umbali wa kusikiana. Na sisi tumeleta hita! Tumeifunika gundi mablanketi kama mgonjwa wa malaria!

Nikatoka uani. Nikachota majivu ya jikoni, nikasugua mikono kwa maji ya baridi kali mpaka ikauma, nikasuuza, nikasugua tena. Ilipokauka ikapauka. Nikaitazama na kwa mara ya kwanza niliiona mizuri.

Mama alinikuta mlangoni nimeshavaa koti. Kopo la mafuta lilikuwa mkononi mwake, kama kawaida.

"Vero! Ndiyo unatoka hivyo? Umepauka kama mtoto asiye na kwao."

"Mafuta ni ya jioni, Mama."

Kopo likabaki hewani.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Mwenyewe."

Akakaa kwenye kizingiti. "Hayo alikuwa ananiambia mimi," akasema. "Hapa hapa. Kwa sauti ya chini, nyinyi msisikie, maana aliona haya kujieleza. Miaka mitatu sijayasikia." Akalifunika kopo, akalifungua, akalifunika tena. "Ana hali gani?"

"Ana kazi nyingi."

Mama akacheka na machozi yakamtoka. "Ndiye yeye," akasema.

Karakana nilifika wa kwanza, na saa mbili Bwana Sanga akasimama mezani kwangu na mikono kifuani. Mama Tulia alikuwa kwenye benchi, magongo kando. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na wengine wanaosubiri walikuwa wamejaa ukumbini. Nilizima hita. Nikakwangua soli, nikakwangua mguu, nikasafisha vyote viwili. Nikafungua pakiti mpya ya glovu, nikazishika kwenye pindo la kifundoni tu. Nikapaka gundi, nikasubiri, na kukauka kwake nilikupima kwa kijiti. Ndipo nikabandika na kugandamiza kwa uzito wangu wote, tena na tena, ili kila anayeita asogee karibu na wa kuitikia.

Kipande cha majaribio nilikuwa nimekibandika pembeni. Bwana Sanga akakichukua, akakibana kwenye jiliwa, akashika soli kwa koleo na kuvuta. Akavuta tena, mguu mmoja ameutanguliza kwenye meza. Kikasikika kitu kinapasuka. Akaleta kile kipande dirishani. Kilichochanika kilikuwa mpira wenyewe. Pale kwenye gundi palikuwa pazima.

Mama Tulia alikuwa ameshavaa mguu wake. Alisimama, akaacha magongo kwenye benchi, akakanyaga sakafu kwa kishindo, akakanyaga tena, akaruka.

"Jumapili natoa sadaka," akatangaza. "Na huyo mzee wa kanisa akae karibu aone."

Barua yangu niliifutia brashi ya gundi. Bwana Sanga alikuwa bado amekishika kile kipande. Sasa hakukitazama tena, alikuwa anatazama mikono yangu niliyokuwa nimeivua glovu.

"Na mikono yako imekuwaje leo? Unanikumbusha yule mzee wa nyuma ya stendi, aliyekuwa ukutani mwa ghala la pareto. Fundi Chokaa."

"Ulimfahamu?"

"Nani hakumfahamu? Kiatu akikibandika yeye, kitakufia popote lakini si kwenye soli." Akanitazama usoni. "Kwani yeye ndiye kakufundisha? Alikuwa nani wako?"

Nikainua mikono yangu yote miwili, mikavu, myeupe, wote waione, na nikajibu kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni.

"Ni baba yangu."